Taarifa ya asubuhi ya Gallatin: naisoma kabla ya chai

Huu ni msimu wangu wa nne wa kupanda milima ya Bridger na ski, mbao za kutelezea thelujini, mgongoni, na kila asubuhi kabla sijabandika chai nafungua kwanza taarifa ya kituo cha maporomoko ya theluji cha Gallatin, hapa Bozeman, Montana. Haina malipo. Kituo kiko chini ya idara ya misitu ya Marekani, na alikianzisha Karl Birkeland mwaka 1990. Naipa nyota tano bila kusita.

Ninachokipenda ni kwamba haikuamrishi tu, inakupa sababu. Mwanzoni mwa msimu theluji huwa haba na baridi kali. Ardhi chini ina joto la karibu nyuzi sifuri, hewa juu inagandisha, basi mvuke unapanda kupitia theluji na kuzigeuza chembe kuwa punje zenye kona, zisizoshikana. Wenyeji huiita theluji ya sukari, na ukiichota kiganjani inamwagika hivyohivyo. Theluji nzito ikilala juu yake, una nyumba iliyojengwa juu ya mtama. Taarifa inakuonyesha tabaka hilo kwa video, mtaalamu amesimama shimoni, kidole juu ya mstari wenyewe.

Siku moja ya Januari ilisema hatari ni daraja la 3 kati ya 5. Mume wangu akaona 3 ni katikati, si mbaya. Nikamwambia, "Baba Neema, soma maelezo." Daraja la 3 maana yake mtu akipita mteremkoni, kuna uwezekano mkubwa wa kuuporomosha yeye mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, na natamani kila msomaji ashuke hadi kwenye aya za chini badala ya kuishia kwenye rangi ya daraja.

Tulikwenda, lakini tukabaki kwenye miteremko yenye mwinamo wa chini ya nyuzi 30, tukachimba shimo la kuipima theluji. Tukatenga nguzo ya theluji, upana sentimita 90, kwenda nyuma sentimita 30. Nikalaza beleshi juu ya ncha moja, nikagonga mara 10 kwa kiganja, mkono ukicheza kwenye kifundo tu. Kimya. Nikaanza kugonga kuanzia kwenye kiwiko. Pigo la 14, ufa ukakimbia nguzo nzima kwa mkupuo mmoja na bamba la juu likateleza mapajani mwangu, limenyooka kama limekatwa kwa msumeno. Mume wangu hakusema neno. Tulifunga mizigo.

Kipimo hicho ni kazi ya Birkeland huyohuyo na Ron Simenhois, walikitoa mwaka 2006. Ndiyo raha ya kuishi mji huu: chuo kikuu cha Montana State kina vyumba vya baridi ambamo watafiti hukuza chembe za theluji na kuzitazama zikibadilika, na wanafunzi wanaosomea theluji unakutana nao foleni ya lifti pale Bridger Bowl, uwanja wetu wa ski. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa sayansi ya theluji, ule unaowakalisha watafiti na walinzi wa usalama wa miteremko ya ski meza moja, ulifanyika hapahapa Bozeman mwaka 1982.

Neno kwa mgeni: taarifa inahusu safu nzima za milima, si mteremko ulio mbele yako. Huo unaupima mwenyewe. Na vifaa usikodi kwa haraka. Duka moja, sitalitaja, lilinipa kifaa cha kutafutia waliofukiwa ambacho tulipokijaribu maegeshoni hakikumwona mwenzangu aliyesimama hatua tano. Betri zilikuwa zimekaribia kufa. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, mara nyingi anaishi. Baada ya hapo hewa humwishia upesi. Nilirudi nyumbani siku ile na nikanunua changu.

Kitu kimoja zaidi: kituo hupokea ripoti za watu wa kawaida. Jioni ile tulituma picha ya shimo letu na idadi ya mapigo. Kesho yake nilifungua simu mapema kuliko kawaida, maji hata hayajachemka.