Karatasi ya wote au mpango wako mwenyewe?

Mgonjwa wa sukari Unguja au Pemba hupata moja kati ya mawili. La kwanza ni karatasi ya wote: acha vitu vitamu, punguza wali, fanya mazoezi. Ni ya haraka na si uongo. Kwa aliyegundulika jana, inatosha kuanzia.

La pili ni kukaa na muuguzi anayekuuliza unakula nini, saa ngapi, na nani anapika. Mvuvi wa Wete anayekesha baharini hana chakula cha saa moja usiku. Akijidunga insulini kwa saa za watu wa ofisini, sukari itamshukia ndani ya ngalawa. Mpango wake ni mwengine: dozi ifuate chakula, na tende zisikose mfukoni.

Ramadhani ndipo tofauti inapojitokeza hasa. Anayetumia vidonge vya metformin pekee mara nyingi hufunga bila taabu kubwa. Wa insulini au vidonge vya glibenclamide yumo hatarini sukari kumshuka mno, na dozi yake hupangwa upya kabla mwezi haujaandama. Anafundishwa pia kwamba kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo, hata magharibi ikikaribia. Na futari haipigwi marufuku: muhogo wa nazi kidogo, samaki, mboga tele. Ila tambi za sukari na mkate wa kumimina visikutane sinia moja, jamani.

Kasoro ya mpango ni muda, na vijiti vya kupimia sukari vina gharama. Mimi ningeuchagua vivyo hivyo, hasa kwa anayejidunga. Mwenye vijiti vichache apokezane: leo kabla ya kula, kesho saa mbili baada ya kula.