Programu ya maajabu ya dunia iliyonifutia siku 214 kwa swali la sinki (uzoefu wangu)

Nimeipa nyota moja na nitaeleza kwa nini, ila mnivumilie maana nikikumbuka bado moyo unaenda mbio. Jina lake siliandiki. Ni ile aina ya programu ya simu ambayo kila asubuhi inakuletea maswali ya mambo ya ajabu, wanyama, milima, sayari, mwili wa binadamu, unajibu, siku yako inahesabiwa. Mimi nilikuwa nimefikisha siku 214 mfululizo. Mia mbili na kumi na nne! Nimejibu nikiwa naumwa, nimejibu nikiwa kwenye foleni, kuna siku nilijibu simu ina chaji asilimia mbili na ikazima palepale nilipobonyeza la mwisho. Na nimeilipia, situmii ile ya bure.

Sasa kuna swali la mwisho wanaloliita la dhahabu, ukilikosa hilo hesabu yako yote inarudi sifuri. Wiki kadhaa zilizopita, tarehe sikumbuki, likaja hivi: unapotoa kizibo cha sinki, ni kitu gani kinaamua maji yazunguke upande upi? Nikaona jibu limeandikwa "umbo la sinki na jinsi maji yalivyojazwa", nikabonyeza bila hata kufikiri mara mbili. Skrini ikawa nyekundu. Umekosea! Jibu sahihi eti ni kuzunguka kwa dunia, kwamba kaskazini mwa ikweta maji ya sinki yanazunguka kinyume cha mshale wa saa na kusini yanaufuata. Chini yake sifuri kubwa.

Nilikaa naitazama ile sifuri kama mtu aliyeibiwa.

Kabla hamjanijia juu kwamba nguvu ya Coriolis ipo, yaani ile ya kupindisha vitu vinavyotembea kwa sababu dunia inazunguka, najua ipo, sijaikataa. Ndiyo inayofanya vimbunga vya baharini vizunguke kinyume cha saa kaskazini na kufuata saa kusini, na ndiyo sababu vimbunga hivyo kwa kawaida haviundiki karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa kuwa pale nguvu yenyewe inafifia mpaka inaisha. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na kinaishi siku kadhaa. Sinki ni la kufikia kwa mkono na linakauka ndani ya nusu dakika. Dunia inamaliza mzunguko mmoja kwa siku nzima, piga hesabu mwenyewe, ndani ya nusu dakika imegeuka sehemu ya nane tu ya digrii moja, hiyo ndiyo ikayasukume maji yako? Kinachoamua ni yale maji yalikuwa yanatembeaje tangu ulipoyajaza, sinki limelalia wapi, na mkono wako uliyavurugaje wakati unachomoa kizibo. Hata wale wanaowaonyesha watalii pale kwenye mstari wa ikweta eti maji yanabadili upande, na ndoo zao zenye tundu, hatua chache huku na hatua chache kule, siri yao iko kwenye kumimina na kugeuka, dunia haihusiki kabisa.

Kwa hasira nikaenda kwenye sinki. Binti yangu ana miaka tisa akanifuata na njiti za kiberiti, tukazivunja vipande vidogo ili tuone maji yanavyokwenda. Mara ya kwanza tulijaza kwa jagi upande wa kulia, nikachomoa kizibo, vijiti vikaanza kutembea taratibu halafu vikashika kasi vikizunguka kufuata saa, vikaingia shimoni kimoja kimoja. Tukajaza tena, safari hii jagi upande wa kushoto. Kinyume! Mtoto akaruka. Mara ya tatu tuliacha yatulie kidogo na maji yakashuka moja kwa moja bila kuzunguka popote, mwishoni sinki likakoroma tu. Sinki lilelile, nyumba ileile, robo saa haijaisha. Akaniuliza, "Mama, kwani dunia imegeuka mara ngapi hapa?" Nikamwambia haijageuka mwanangu, wamekosea wao. Nilikuwa nimerekodi zote tatu kwenye simu.

Video nikawatumia huduma kwa wateja na meseji ya adabu kabisa, mpendwa mhusika, nadhani kuna kosa kwenye swali fulani, naomba mlipitie na ikiwezekana mnirudishie siku zangu. Walikaa siku tatu au nne hivi bila neno. Halafu ikaja hii, nainukuu kama ilivyo: "Dada, majibu yetu yamehakikiwa. Hili ni suala la fizikia, sio la kubishana jikoni."

Jikoni!

Alisikia sauti yangu kwenye video ndiyo akapata ujasiri wa kuandika hivyo. Sasa sinki linakaa wapi kama sio jikoni? Swali mmeuliza nyinyi, la sinki, mimi nimelipeleka kwenye sinki, nimekuja na ushahidi mara tatu, halafu naambiwa nisibishane. Hakuangalia video hata moja, ninajua kwa sababu niliziweka kwa kiungo kinachoonyesha idadi ya waliotazama, ilikuwa mimi na mimi. Nilifuta ile programu hapohapo, na nilivyoifuta nililia kidogo, sitaki kudanganya.

Kinachoniuma zaidi ya siku 214 ni kwamba stori ya kweli walikuwa nayo, iko wazi, na ni tamu kuliko huo uongo wao. Mwaka 1962 kule Marekani mwalimu mmoja wa chuo cha MIT, Ascher Shapiro, aliamua kulijaribu jambo hili kwa uangalifu ambao sijawahi kuona mtu akiupa maji ya kuogea. Alitengeneza tangi la duara, pana karibu mita 1.8, kina chake kama sentimita 15, tundu dogo katikati na kizibo cha kuchomolewa kwa chini ili mkono usiguse maji. Akajaza, akafunika, akayaacha saa 24 yatulie. Siku nzima anasubiri maji yasahau jinsi yalivyomiminwa! Kisha akatoa kizibo, na kwa dakika nyingi hakuna kilichoonekana, mpaka tangi linakaribia kuisha ndipo kale kaelea kadogo alikokaweka juu ya tundu kakaanza kugeuka, kinyume cha saa. Akirudia kwa masharti hayohayo, kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wengine wakafanya hivyohivyo kule Sydney, kusini, na yao yakafuata saa. Yaani dunia kweli inayagusa maji, ila inayagusa polepole mno kiasi kwamba lazima unyamazishe kila kitu kingine siku nzima ndipo uisikie. Mimi nikiisoma hiyo nywele zinasimama. Wangeuliza hivyo, wangeniambia jibu lako ni sahihi na hapa kuna la ziada, ningewapenda mpaka leo.

Na sio kwamba hawajui kufanya kazi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana nikisema ni wajinga nitakuwa nadanganya. Ni hawahawa walionifundisha habari ya Chimborazo, mlima wa Ekuador wenye mita 6,263, ukiupanga na Everest wa mita 8,849 unaonekana mtoto, lakini ukipima kutoka katikati ya dunia kilele cha Chimborazo ndicho kiko mbali zaidi, kinauacha Everest kwa kama kilomita mbili. Sababu yake ni kwamba dunia sio mpira kamili, imevimba kwenye ikweta, kutoka katikati hadi ikweta ni mbali kuliko kutoka katikati hadi ncha kwa kilomita 21 hivi, na kilichoivimbisha ni huko kuzunguka kwake. Unaona? Kuzunguka kulekule! Kunaweza kuinua dunia nzima kiunoni ila hakuwezi kulishinda sinki lako ndani ya nusu dakika. Walikuwa na nyuzi zote mbili mkononi wakashindwa kuzifunga.

Ni hawahawa walioniambia siku ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake, inajizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu huku ikilizunguka jua kwa siku 225, tena inajizungusha kinyumenyume ukilinganisha na sisi. Nilikaa na hiyo kichwani wiki nzima. Ni hawahawa walionitoa kwenye uongo wa mbuni kufukia kichwa mchangani na uongo wa nundu ya ngamia kujaa maji, kumbe ni mafuta. Na yule mnyama wombati wa Australia anayetoa kinyesi cha pembe nne kama dadu, binti yangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akataka kujua kinatokaje hivyo wakati tundu ni la duara, na programu ikamjibu vizuri kwamba ni kuta za utumbo wake kule mwishoni, hazinyumbuki sawasawa, sehemu nyingine ngumu nyingine laini, ndizo zinazokifinyanga kabla hakijatoka. Maelezo mafupi, safi, mtoto akaelewa. Kwa hiyo nyota moja labda ni ukali. Nasema mbili.

Hapana, ngoja. Kuna kitufe cha "ripoti swali" ambacho nimekibonyeza mara nne na kila mara kinasema asante kwa mchango wako na hakuna kinachotokea. Na mtu anayeniandikia "dada, sio la kubishana jikoni" bado anaandikia watu wengine huko. Moja.

Basi juzi binti yangu kaniomba niirudishe, anataka kuona wombati tena, nikaidaunlodi upya kwa akaunti ileile huku nimenuna. Nikaenda moja kwa moja kwenye maswali ya nyuma kulitafuta lile la sinki. Halipo. Wamelitoa! Mahali pake wameweka la pweza, mioyo mitatu na damu ya bluu kwa sababu ya shaba, ambalo ni kweli tupu. Hakuna meseji, hakuna samahani, siku zangu bado sifuri, ila limeondoka, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani aliangalia zile video au alisoma. Sijui nifurahi au nikasirike zaidi. Kama ni yuleyule aliyeniandikia basi alijua niko sahihi na akashindwa kuandika neno moja tu, na hilo linaniuma upya. Kama ni mwingine, Mungu ambariki. Nimepandisha ziwe tatu, na nitazishusha kesho nikiamka na hasira, maana hasira yenyewe haijaisha.

Huku nyumbani bafu halitumiki tangu jana jioni. Binti kachukua beseni kubwa tulilokuwa tunafulia, tumelitoboa tundu dogo katikati, kalipandisha juu ya matofali mawili, kaliziba kwa chini, kalijaza na kulifunika kwa nailoni, na mlangoni kabandika karatasi: USIGUSE, MAJI YANASAHAU. Nimemweleza beseni letu ni dogo sana kwa kazi hiyo, yule mwalimu alikuwa na tangi kubwa. Kasema tusubiri tuone. Saa 24 zinatimia jioni hii na mimi nimeshaandaa njiti.