Fangasi Kwenye Lenzi: Ununue Nini Kwanza Ukiishi Pwani

Lenzi nyingi za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja haziharibikii kazini. Zinaharibikia kabatini. Fangasi hupenda giza, joto na hewa isiyotembea, na unyevu hewani ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, huanza kuota. Chakula wanachohitaji ni kidogo mno: vumbi, alama ya kidole, nyuzi za kitambaa. Kwetu pwani, masika yakiingia, chumba kisichopitisha upepo kinavuka kiwango hicho bila shida yoyote. Wakishaota hutoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya kioo, na baadaye kioo chenyewe. Fundi atasafisha fangasi, ila kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi kilivyokuwa.

Kabla ya kitu kingine chochote, nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Bila hicho unakisia tu. Vya bei nafuu hukosea asilimia tano hivi, kwa hiyo kijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, tia matone machache ya maji ilowe bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa zipu na uache usiku kucha. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, jua kinapunguza tano, uwe unaongeza kila unapokisoma. Unachotafuta mahali pa kuhifadhia lenzi ni kati ya 40 na 50.

Namba moja: kontena lisilopitisha hewa na silika jeli, yaani punje zinazofyonza unyevu. Kwa mwenye kamera moja na lenzi mbili hadi nne, sioni sababu ya kutumia pesa zaidi ya hapa. Tafuta kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mpira kuzunguka mfuniko na klipu pande zote nne. Hapo dukani fungia karatasi kwenye mfuniko, kisha uivute. Ikitoka kwa urahisi upande wowote, rudisha uchukue jingine. Kwa kontena la lita 10, gramu 200 hadi 300 za silika zinatosha vizuri. Chukua zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji. Za bluu zinazogeuka waridi nyingi zina kobalti, ambayo si nzuri kwa afya, hasa nyumba yenye watoto.

Zikishiba, usizitupe. Zimwage kwenye trei, uziweke ndani ya oveni yenye nyuzi 120 kwa saa moja au mbili mpaka rangi irudi. Kisha zimimine kwenye chupa ya kioo inayostahimili joto, uifunge mara moja, zipoe humo. Ukiziacha zipoe wazi mezani zitaanza kunywa unyevu wa jikoni kabla hujazirudisha. Kipimo kikishuka chini ya 30, punguza silika.

Namba mbili: kabati la umeme la kukausha hewa. Kwa mpiga picha wa harusi anayefungua na kufunga kila wikendi, hili ndilo linapanda kuwa la kwanza, kwa sababu kontena likifunguliwa mara kwa mara silika huchoka haraka. Umeme linaotumia ni kidogo, kwa hiyo usiogope tokeni. Uliza jambo moja kabla ya kulipa: linakaushaje? Kuna yanayotumia kibamba kinachopoa kwa umeme, unyevu ukagandia hapo na kutolewa nje. Mengine yana dawa ndani inayofyonza unyevu, kisha hupashwa moto na kuutoa nje. Chagua haya ya pili. Umeme ukikatika, dawa huendelea kufyonza hadi ishibe, wakati kibamba husimama papo hapo. Nunua kubwa kidogo kuliko mahitaji ya leo, na uweke kipimo chako ndani, usiamini namba ya mlangoni peke yake.

Namba tatu: begi la kamera na vipakiti vya silika. Linafaa safarini tu. Zipu haizuii hewa, na sponji na kitambaa vya begi hushika unyevu. Vipakiti vilivyookotwa kwenye maboksi ya viatu huwa vimekwisha kushiba zamani.

Chumba chenye eyakondishena kinasaidia ikiwa inawaka muda wote. Ikizimwa, unyevu unarudi. Na lenzi iliyopoa ukiitoa ghafla kwenye joto la nje, inaingia jasho. Ifungie kwenye mfuko wa zipu kwanza, uufungue ikishapata joto la nje.

Viwili usinunue kabisa kwa kazi hii. Kwanza, mchele: hufyonza kidogo sana, na unga wake unawalisha fangasi. Pili, ile mifuko ya kutundika kabatini inayojaa maji chini. Ndani mna kalsiamu kloridi, na yale maji yakivuja juu ya lenzi yanakula chuma.

Ukinunua lenzi ya mtumba, fungua tundu lake la ndani la kupitisha mwanga (apecha) hadi mwisho, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Ukiona vijiuzi vyenye matawi, au madoa yenye kingo za manyoya, mrudishie mwenyewe. Kama unayo tayari nyumbani, ipeleke kwa fundi, na hadi isafishwe ipe kontena lake peke yake.