Seti ya bustani ya shule: tofali lake ni chumvi tupu

"Mwalimu, hao watoto wako wanazidisha maji tu." Hilo ndilo jibu la muuzaji wa seti hizi (tofali la kupandia, gunia la bustani, kipakiti cha mbolea na kijikaratasi cha maelekezo) hapa Dar nilipompigia kumweleza kuwa mchicha wa darasa la nne unaungua. Kisha akakata simu.

Maji yakizidi, mche huoza shingoni, pale shina linapotoka kwenye udongo, halafu unalala. Ugonjwa huo, kinyausi, aliyewahi kusia mbegu anaujua. Miche yetu ilisimama wima, shina safi, ila kingo za majani zilikuwa za kahawia na kavu kama karatasi iliyopitishwa motoni. Ni chumvi. Tofali la seti hii ni kokopiti iliyoshindiliwa, yaani unga unaotokana na makumbi ya nazi, na makumbi mara nyingi hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili nyuzi zilainike. Kina mama wa Unguja wanaoyafukia ufukweni wapate kusokota kamba wanalijua hilo. Mtengenezaji asiposuuza, chumvi yote inahamia darasani. Kijikaratasi cha maelekezo kinasema weka maji, panda. Basi!

Kama mmeshalinunua: tofali la gramu 650 linataka lita nne hivi za maji ili liumuke. Litieni kwenye kiroba, mwagieni maji mengi, kamueni, rudieni mara tatu au zaidi. Tumieni maji ya bomba, maana visima vingi vya huku navyo vina chumvi. Msitegemee rangi, maji yanaweza kutoka meupe na chumvi bado imo. Kipimo cha bei rahisi ni vikombe viwili, kimoja cha kokopiti iliyosuuzwa na kingine cha ile ya tofali lilivyo, kila kimoja mbegu kumi za mchicha zilizofunikwa nusu sentimita tu. Baada ya wiki moja watoto wanahesabu wenyewe. Tena kokopiti haina chakula cha mmea, kwa hiyo sehemu mbili zichanganywe na moja ya mboji iliyoiva. Kile kipakiti cha mbolea kisicho na kipimo nimekitupa.

Lakini gunia lao, jamani, ni zuri. Lina bomba la katikati: unajaza kokoto ndani, udongo na samadi pembeni, unalivuta juu kidogo kidogo, nguzo ya kokoto inabaki na maji yanafika hadi chini. Watoto wanagombania kulivuta. Matundu ya ubavuni yamepishana vizuri, tukachomeka vipande vya matembele, hata mbegu hazikuhitajika. Kwa gunia hili ningetoa nyota nne bila kusita.

Nilikuwa nimeshaandika tatu kwa seti nzima. Halafu nikasikia shule ya jirani wamepelekewa matofali yaleyale na kijikaratasi kilekile, baada ya simu yangu. Nyota moja. Nimeuliza kama gunia linauzwa peke yake: haliuzwi.