Huduma ya mkoba ya zahanati yetu: kwa wenye mzazi asiyetoka ndani

Zahanati ya kata yetu hapa Tanga naipa nyota nne, na zote nne ni kwa huduma ya mkoba, yaani nesi kumfuata mgonjwa nyumbani.

Mama ana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Ukimpandisha bajaji anaamini anahamishwa kwake, analia njia nzima, na usiku huo nyumba nzima hailali. Chanjo za UVIKO-19 zilipoanza nchini Julai 2021, watu wa miaka 50 na kuendelea wakiwa kwenye kundi la mwanzo, nilijua foleni hatuiwezi. Hospitali moja kubwa walinijibu mgonjwa aletwe, basi. Zahanati wao wakaniuliza: mtaani kwenu kuna wengine wasiotoka?

Swali lilikuwa na maana. Chupa moja ya Janssen, chanjo tuliyopewa, ina dozi tano, na ikishafunguliwa haipiti muda wa saa sita hata ikiwa kwenye ubaridi. Ukiichoma kwa mtu mmoja, zilizobaki zinamwagwa. Nikapita nyumba kwa nyumba na mjumbe wetu, tukampata babu aliyekatwa mguu kwa kisukari, bibi mwenye kiharusi, na wengine hadi idadi ikatimia. Nesi akaja na bodaboda, kasha la chanjo begani. Uzuri mwingine, Janssen ilikuwa sindano moja, hakuna kurudia.

Huyu nesi anajua kazi yake. Alivua viatu, akaketi mkekani. "Shikamoo mama." Mama akamwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, nesi akaitika "Abee," wala hakumsahihisha. Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Nesi akachambua naye taratibu huku mimi nasaini fomu ya ridhaa. Mikono ya mama iliponogewa na kazi ndipo akaishusha kanga begani na kuchoma. Mama akasema mbu wamezidi, akaendelea kutoa mawe. Nesi hakuondoka hapo hapo, alikaa kumwangalia kwanza.

Tangu hapo ndiye tunayempigia, iwe presha, iwe kidonda cha mgongoni. Mwaka jana mama alibadilika ghafla, akawa anaona watu ukutani, chakula hataki. Majirani walishasema ugonjwa umepanda. Nesi alianza kwa kuuliza habari za mkojo, akatuachia kikopo, nikaupeleka maabara: maambukizi ya njia ya mkojo. Mama alipomaliza dawa alirudi kwenye hali yake. Mwenye mgonjwa wa namna hii alishike hilo: akichanganyikiwa kwa ghafla, mkojo upimwe.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu Jumapili simu haipokelewi, na nauli ya bodaboda inatoka mfukoni mwako, bima haiigusi. Halmashauri ingewapa hata pikipiki moja wangefika mitaa mingi zaidi, na kuna wazee wengi wanaowangoja.

Ukitaka kumwombea mzazi wako huduma hii, nenda asubuhi na mapema kabla kina mama wa kliniki hawajajaa, na dawa zake zote uwe umezikusanya kwenye mfuko mmoja. Nesi hukagua kimoja kimoja. Kwetu alizitoa Piriton ambazo duka la dawa lilimpa mama kwa muwasho, akatueleza kwamba kwa mzee mwenye dimensia zinaongeza kuchanganyikiwa.