Miwani ya -6: fremu ndogo imenisaidia kuliko lenzi nyembamba

Macho yangu ni -6.00 yote mawili, yaani sioni mbali, na hiyo ndiyo nguvu ya lenzi ninazohitaji. Bila miwani naona vizuri mpaka sentimita 16 hivi kutoka usoni. Kinachozidi hapo ni ukungu. Wenye namba kama zangu mnajua kuwa kuona si tatizo, ukishavaa unaona. Kero ni uzito puani na zile kingo nene kama kitako cha chupa.

Miwani yangu ya zamani ilikuwa na lenzi za 1.67, na hii mpya nayo ni 1.67. (Plastiki ya kawaida ni 1.50, namba ikipanda, lenzi inapinda mwanga zaidi na inaweza kutengenezwa nyembamba.) Kilichobadilika ni fremu tu, na ukiziweka pamoja mezani utadhani ni za watu wawili. Lenzi ya asiyeona mbali huwa nyembamba katikati, halafu hunenepa kuelekea pembeni. Fremu pana inakubebesha ule unene wote. Hii mpya ni ndogo, ya duara, na mboni zangu zinakaa karibu kabisa na katikati ya kila lenzi, kwa hiyo sehemu nene ilikatwa ikabaki kwa fundi. Walinishawishi nipande hadi 1.74, nikakataa: kwa fremu ndogo hivi, unene unaopungua hapo ni kiduchu.

Ubaya upo. Nikitazama kwa pembeni ya lenzi, herufi nyeupe kwenye ubao mweusi zinaota ukingo wa bluu upande mmoja na wa njano upande wa pili, maana lenzi hizi hutawanya rangi kuliko plastiki ya kawaida. Nimezoea kugeuza kichwa badala ya macho. Pia zinaakisi mwanga zaidi, kwa hiyo msikubali kuzichukua bila ule utando wa kuzuia mng'ao, la sivyo kwenye picha mtaonekana taa tupu. Na macho bado yanaonekana madogo, ingawa si kama zamani.

Kingine, jicho la asiyeona mbali kiasi hiki kwa kawaida limerefuka kwenda nyuma, na miwani hailifupishi. Kwa namba hizi bado naenda kupimwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwa sababu hatari ya kubanduka kwake ni kubwa kuliko kwa wengine. Ukiona mimweko ya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli kinachofunika upande mmoja, usimpigie fundi wa miwani. Wahi kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.