Unga wa "seli shina" unaouzwa Tanga: mwenye saratani ya tezi ya thairoidi asiuguse

Boksi lina pakiti 15 za kukoroga kwenye maji. Linauzwa mkononi Ngamiani na kwenye makundi ya WhatsApp kama dawa ya rovu na "saratani ya shingo". Tunalipatia nyota 1 kati ya 5, kwa kuwa angalau lebo imetaja viambato: dondoo la tufaha, unga wa mwani, kolajeni na biotini (vitamini B7) miligramu 5.

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa aina nyingine za seli, hazimo. Seli hai haidumu kwenye unga mkavu, na hata ingedumu, tumbo lingeisaga kama nyama ya mchuzi.

Tena kwenye saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni, seli zenye tabia ya seli shina si za kutafutwa. Huwa chache ndani ya uvimbe, hujizalisha upya, na watafiti wanazishuku kuwa ndizo zinazosalia baada ya matibabu na kurudisha ugonjwa. Seli iliyokomaa ya thairoidi ina mlango wa kuvuta madini joto, yaani iodini. Kwa hizi changa mlango huo ni hafifu, hivyo iodini 131, iodini ya mionzi inayotibu kwa kuvutwa ndani ya seli, haizipati sawasawa.

Kinachotukera zaidi ni mwani. Pwani yetu inaulima, lakini wengi hawajui kwamba una madini joto, na kwenye aina nyingine yamejaa tele. Mgonjwa anayesubiri iodini ya mionzi hutakiwa kukaa wiki 1 hadi 2 akila madini joto chini ya mikrogramu 50 kwa siku, ili seli ziwe na njaa. Akinywa unga huu seli zimeshashiba, na sehemu kubwa ya dozi inaishia kwenye mkojo.

Biotini nayo inaharibu vipimo. Mashine nyingi za maabara huitumia kama gundi ya kunasia homoni. Ikizidi kwenye damu, TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, husomeka chini kuliko ilivyo. Thairoglobulini, protini ya tezi hiyo, pia husomeka chini, na hicho ndicho kipimo cha kufuatilia kama saratani imerudi baada ya tezi kutolewa. Karatasi inatoka safi, ugonjwa upo. Aliyekwisha kunywa aache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na amwambie daktari.

Mwenye uvimbe shingoni unaopanda anapomeza mate aende hospitali ya Bombo aombe kupimwa. Kwanza ni ultrasaundi, kisha, ikibidi, sindano nyembamba ya kuchukua seli. Sauti ikikwaruza au uvimbe ukikua haraka, aende wiki hiyohiyo.